Afisa mrefu, askari mfupi: mita ya jeshi ilikuwa inapima nini?

Kila mara jeshi linapotangaza kwamba linaandikisha vijana, swali moja linarudi kwenye redio yetu, kwa simu ao kwa ujumbe: kijana mfupi anaweza kukubaliwa kuwa afisa? Wanaouliza zaidi ni wazazi kuliko vijana wenyewe. Wengine wanauliza kwa kucheka, lakini chini ya kicheko kuna wasiwasi. Mtoto amekulia kambini, amekula mara moja kwa siku miaka na miaka, na sasa wenzake waliobaki nyumbani wamemzidi kichwa kizima.

Tangazo la kuandikisha linabadilika kila mwaka, kila mtu anaweza kulisoma kwenye ukuta. Hapa nataka tuangalie jambo ambalo tangazo haliandiki: ile namba ya sentimita ilitoka wapi, na nani aliiweka. Tutaanza Uingereza, mbali kidogo na kwetu, kwa sababu kule vitabu vya vipimo vimehifadhiwa kwa zaidi ya miaka 200 na wanahistoria wamevisoma ukurasa kwa ukurasa.

Mwaka 1802 Waingereza walifungua shule ya kufundisha vijana wanaotaka uafisa. Ilianza katika mji wa Marlow, na mwaka 1812 ikahamia Sandhurst, jina ambalo limebaki mpaka leo. Vijana walioingia pale walipimwa urefu na kuandikwa. Wengi walikuwa watoto wa matajiri na wa maafisa. Tukumbuke kwamba mpaka mwaka 1871, katika vikosi vya waenda kwa miguu na vya wapanda farasi vya Uingereza, cheo cha afisa kilinunuliwa kwa pesa, kama vile mtu anavyonunua shamba. Bei ilijulikana. Aliyekuwa na akili na ushujaa lakini hana pesa alibaki chini.

Wakati huohuo, mjini London, kulikuwa na shirika la huruma lililoitwa Marine Society, lililoanzishwa mwaka 1756. Lilikusanya watoto maskini wa barabarani, likawavika nguo na kuwapeleka kwenye meli za vita. Nao pia walipimwa na kuandikwa kitabuni. Kwa hiyo tuna vitabu viwili vya nchi moja na miaka ileile: kitabu cha watoto watakaoamuru, na kitabu cha watoto watakaoamriwa.

Wanahistoria Roderick Floud, Kenneth Wachter na Annabel Gregory waliviweka vitabu hivyo pamoja katika kazi yao ya mwaka 1990. Mwaka 2007 John Komlos alirudia hesabu, akaona kwamba kwa umri wa miaka 16 tofauti kati ya kijana tajiri na kijana maskini wa Uingereza ilifika sentimita 22. Chukueni mita ya fundi cherehani muone sentimita 22 ni kiasi gani. Ni zaidi ya urefu wa mkono wa mtu mzima, kutoka kifundo mpaka ncha ya kidole. Hawa walikuwa Waingereza wote, rangi moja, lugha moja, mvua moja juu ya vichwa vyao. Kilichowatenganisha ni nyama, maziwa, nyumba yenye joto na magonjwa ya utotoni. Afisa alipotoka mbele ya kikosi na kuonekana mrefu kuliko askari wake, watu walidhani Mungu amemuumba kuwa kiongozi. Alikuwa ameshiba tu.

Mimi naona hapo ndipo penye mzizi wa jambo lote. Urefu ulikuwa alama ya tajiri, halafu ukageuka kuwa alama ya mkubwa, na mwisho watu wakasahau ulianzia wapi.

Kwa askari wa kawaida, mita haikuwa na msimamo hata kidogo. Mwaka 1845 jeshi la Uingereza lilitaka mtu wa futi 5 na inchi 6, yaani karibu sentimita 168. Mwaka 1883 likashuka mpaka futi 5 na inchi 3, sentimita 160. Vita dhidi ya Maburu kule Afrika Kusini vilipochukua watu wengi, kuanzia mwaka 1899, kipimo kikashuka mpaka futi 5, sentimita 152. Watu hawakuwa wamefupika kwa sentimita 16 katika miaka hamsini na kitu. Jeshi lilihitaji watu, na namba ikafuata haja.

Katika vita hivyo vya Maburu kulitokea jambo lililowatikisa wakubwa wa London. Katika mji wa viwanda wa Manchester, kwa hesabu iliyotajwa sana wakati ule, watu 11,000 walijitolea, na 8,000 kati yao wakarudishwa nyumbani kwa sababu miili yao haifai: kifua chembamba, meno yameoza, miguu imepinda, uzito hautoshi. Majenerali wakaogopa. Nchi iliyotawala robo ya dunia haikuweza kupata vijana wazima katika mji wake wenyewe! Wakubwa waliunda kamati ya kuchunguza kudhoofika kwa miili ya watu, ikatoa ripoti mwaka 1904. Kulikuwa na wasomi waliosema kwamba maskini wana damu mbaya na uzazi wao unaharibu taifa. Kamati haikuwafuata. Ilitaja chakula, nyumba zilizojaa watu, uchafu, na watoto wanaoenda shule na njaa.

Matokeo yake yanafaa kukumbukwa. Mwaka 1906 sheria iliziruhusu serikali za miji kuwapa chakula watoto wa shule wenye njaa. Mwaka 1907 ikaja sheria ya daktari kuwapima watoto shuleni. Mapadri na wamama wa huruma walikuwa wameomba mambo hayo kwa miaka mingi, na walisikilizwa polepole. Mita ya jeshi ndiyo iliyofungua mfuko wa serikali. Sifurahii sababu, maana walitaka askari zaidi kuliko watoto wenye afya, lakini sahani ya mtoto ilijaa.

Halafu ikaja vita kuu ya 1914, na mita ikaanza kucheza tena. Mwezi wa nane kipimo cha kuingia jeshini kilikuwa sentimita 160. Vijana wakajaa kwenye ofisi za kuandikisha mpaka mahali pa kuwalaza pakakosekana, kwa hiyo mwezi wa tisa kikapandishwa mpaka sentimita 168, ili kuwapunguza. Watu wakapungua kweli, na vita vikaendelea kuua. Kabla mwezi wa kumi na moja haujaisha kipimo kilikuwa kimerudi pale pale kwenye 160. Kijana wa sentimita 164 alifaa mwezi wa nane, hakufaa mwezi wa tisa, akafaa tena mwezi wa kumi na moja, na hakuongezeka hata unene wa ukucha.

Wale waliokuwa chini ya 160 hawakukubali kubaki nyuma. Wengi walikuwa wachimba makaa ya mawe, watu wafupi wenye mabega ya chuma. Katika mji wa Birkenhead, ng’ambo ya mto na Liverpool, mbunge Alfred Bigland aliomba ruhusa ya kuunda kikosi cha watu wa kati ya sentimita 152 na 160. Maelfu walikuja. Waliitwa Bantam, jina la aina ya jogoo mdogo mwenye kupenda kupigana. Vikosi vilizidi mpaka vikafanya divisheni nzima, ile ya 35. Katika brigedi ya 104 ya divisheni hiyo alitumika afisa kijana aliyesoma Sandhurst, Bernard Montgomery, yule ambaye mwaka 1942 angemshinda Rommel kule El Alamein. Mwanzo wa kazi yake ya kupanga vita aliufanya pamoja na watu ambao mita iliwakataa.

Marekani ina mfano wake. Audie Murphy alikuwa mtoto wa wakulima maskini sana wa Texas, aliacha shule mapema na alikuwa akiwinda ili wadogo zake wale. Mwaka 1942 marini walimkataa. Jeshi la nchi kavu likamkubali, na uzito wake ulikuwa karibu kilo 51. Mwaka 1944 alipewa uafisa akiwa vitani, bila kupita chuo cha maafisa, na tarehe 26 mwezi wa kwanza 1945, karibu na kijiji cha Holtzwihr huko Ufaransa, alifanya kazi iliyompatia nishani kubwa kuliko zote za nchi yake. Simtaji ili kusema kila mwembamba ni shujaa. Namtaja kwa sababu mlango wa chuo usingemfungukia, na ni vita vyenyewe vilivyomfungulia.

Sasa turudi kwetu, maana msomaji anaweza kuuliza: Wabelgiji walitupima namna gani? Jeshi la Force Publique lilianza mwaka 1885, wakati nchi ilikuwa mali ya mfalme Leopold wa Pili. Askari wake walikuwa Waafrika. Walipigana mpaka wakaingia Tabora mwezi wa tisa 1916, na mwaka 1941 walikuwa Saio, kule Ethiopia, ambako majenerali wa Italia walijisalimisha. Kwa miaka yote hiyo, Mkongomani hakuwa afisa. Kwa uafisa mita haikuhitajika, kwa sababu rangi ya ngozi ilitosha. Ungeweza kuwa na urefu wa mlingoti, ukasoma Kifaransa vizuri na kulenga shabaha kuliko wote, safari yako ingeishia kwenye vyeo vya wasajini.

Tarehe 30 mwezi wa sita 1960 nchi ikapata uhuru, na jeshi likabaki na watu karibu 25,000 chini ya maafisa Wabelgiji karibu 1,000. Siku tano baadaye, Jenerali Janssens aliwakusanya askari mjini Léopoldville na kuandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Askari wakaasi, Léopoldville na Thysville, na maasi yakaenea. Lumumba alijaribu kwanza kumpandisha kila askari cheo kimoja. Haikutosha. Ndipo Victor Lundula, aliyekuwa amewahi kuwa sajini na wakati ule alikuwa meya huko Jadotville, akafanywa jenerali, na Mobutu, sajini wa zamani aliyekuwa ameacha jeshi na kuwa mwandishi wa habari kama sisi, akafanywa kanali. Nchi iliyonyimwa maafisa kwa miaka 75 ilipaswa kuwapata katika wiki moja. Mengi tuliyoyaona baadaye yana mizizi katika wiki ile.

Na kuna kipimo kingine ambacho sisi wa Mashariki tunakijua zaidi. Katika vita vya 1996 na 1997, watoto waliobeba bunduki waliitwa kadogo. Jina lenyewe ni kipimo cha mwili. Majeshi ya Ulaya yalishusha mita yalipohitaji watu, na kwetu waliohitaji watu waliitupa mita kabisa, wakaitupa pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 2012 mahakama ya kimataifa ya La Haye ilimhukumu Thomas Lubanga miaka 14 kwa kutumia watoto wa chini ya miaka 15 katika vita vya Ituri. Sehemu ya ushahidi ilikuwa video: majaji waliangalia miili ya watoto kwenye picha na kuona wazi kwamba hawajafika umri huo. Mara hiyo udogo wa mwili ulitumika kumtetea mtoto.

Kwa hiyo kipimo chote ni uongo? Hapana. Kuna vipimo vyenye sababu, na sababu hiyo inaonekana kwa macho. India inatoa mfano mzuri. Kijana wa kiume anayetaka kuingia chuo cha maafisa cha nchi hiyo anatakiwa kuwa na sentimita 157. Kwa miaka mingi iliandikwa 157.5, ambazo ni futi 5 na inchi 2 za Mwingereza, urithi wa mkoloni uliovaa nguo mpya. Lakini Wagurkha na watu wa milima ya kaskazini-mashariki wanapunguziwa sentimita 5, kwa sababu urefu wao wa kawaida ni mdogo, na hakuna mtu mwenye akili anayesema Mgurkha hawezi vita. Kwa rubani, India inapima vingine: urefu wa kuketi, urefu wa mguu, urefu wa paja. Hapo sababu ni wazi. Paja likizidi kipimo, siku rubani atakaporushwa nje ya ndege inayowaka, magoti yake yatagonga chuma.

Hata hivyo, hata chumba cha rubani si neno la Mungu. Mwaka 1950 jeshi la anga la Marekani liliwapima marubani zaidi ya 4,000 ili kujua kwa nini ndege zilikuwa zinaanguka sana. Luteni kijana, Gilbert Daniels, alichukua vipimo kumi tu, akauliza ni marubani wangapi wako katikati kwa vyote kumi. Kati ya 4,063 hakupata hata mmoja. Viti vilikuwa vimetengenezewa mtu ambaye hayupo! Mafundi wakatengeneza viti vinavyosogea na pedali zinazosogea, vitu ambavyo leo kila dereva wa gari anavijua. Lakini urefu wa kuanzia sentimita 163 mpaka 196 ulibaki kwenye karatasi ya wanaotaka kuwa marubani mpaka mwaka 2020, ulipoondolewa. Jeshi lenyewe lilikiri kwamba ulikuwa unawafungia nje wasichana karibu 44 kwa kila 100 wa Marekani wenye umri wa miaka 20 mpaka 29.

Wasichana ndio waliofikisha jambo hili mahakamani Ulaya. Kule Ugiriki, tangu mwaka 2003, aliyetaka kuingia shule ya maafisa ao ya askari polisi alitakiwa kuwa na sentimita 170, mwanaume kwa mwanamke. Binti mmoja alikuwa na 168. Alikataliwa, akashitaki. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba sheria hiyo inaumiza wanawake wengi kuliko wanaume, na kwamba kazi nyingi za polisi, kama kusaidia raia na kuongoza magari, hazihitaji nguvu kubwa; na hata zinazohitaji nguvu, urefu peke yake si nguvu. Halafu majaji wakataja jambo lililoivua serikali nguo: jeshi la Ugiriki lenyewe, linalobeba mizinga, lilikubali wanawake wa sentimita 160.

Hilo ndilo swali ambalo mzazi anaweza kumuuliza mtu yeyote mwenye mita mkononi: sentimita hii inafanya kazi gani? Mwenye sababu ataieleza, kama fundi wa ndege anavyoeleza magoti.

Lakini wasiwasi wa wazazi niliowataja mwanzo una upande mwingine, na hapa nawaomba wamama wasome vizuri. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013-2014 ulionyesha kwamba watoto 43 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano nchini Kongo wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka, kwa sababu ya chakula duni na magonjwa ya mara kwa mara. Watu wanasema “ni mfupi kama babu yake.” Mara nyingi babu hana kosa. Shirika la Afya Duniani liliwapima watoto wa nchi sita, Brazili, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, watoto walionyonyeshwa vizuri na kutunzwa vizuri, na mwaka 2006 likatoa vipimo vyake. Mpaka umri wa miaka mitano, mtoto wa Accra na mtoto wa Oslo walikua karibu sawasawa. Ni vitabu vile viwili vya London vinarudi tena, mara hii kwa dunia nzima.

Sehemu kubwa ya kudumaa inatokea tangu mimba mpaka mtoto anapofikisha miaka miwili. Baada ya hapo kurudisha sentimita zilizopotea ni kazi ngumu. Familia iliyokimbia Rutshuru ao Masisi wakati mtoto ana miezi minane, ikalala chini ya hema, ikala bugali bila maharagi na bila ndagala, imeshapimwa tayari. Kijana huyo akifika miaka 18 mbele ya meza ya kuandikisha, mita itasoma ile miaka ya hema, na afisa mwenye kalamu ataandika kwamba kijana ni mfupi.

Wamama waliopita Kanyaruchinya, Bulengo ao Lushagala wanaijua mita nyingine, ile ndogo ya karatasi yenye rangi tatu ambayo mhudumu anaizungusha kwenye mkono wa mtoto, juu ya kiwiko. Inatumika kwa watoto wa miezi 6 mpaka 59. Kijani ni kuanzia milimita 125. Manjano ni kati ya 115 na 125, mtoto anahitaji nyongeza ya chakula na kufuatiliwa. Nyekundu ni chini ya 115, na mtoto huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Mama anaweza kufundishwa kumpima mtoto wake mwenyewe, inachukua dakika chache. Muulizeni mhudumu wa afya wa mtaa wenu awaonyeshe.